Nyar Bondo Alipolipia Upepo

Nyinyi mnaolipa bili ya maji kwa simu mkiwa bado mmejifunika shuka, hebu niambieni kitu kimoja. Mita yenu iko wapi? Sitaki namba ya akaunti. Nataka kujua iko pembe gani ya ua, iko shimoni au ukutani, na ni nani ameweka ndoo yake juu ya kifuniko. Nilipomuuliza mjukuu wangu swali hilo aliniambia, "Dani," yaani bibi kwa Kijaluo, "hizo vitu ni za landilodi," kisha akarudi kulalamika jinsi maisha yalivyo ghali. Ndipo nikaona afadhali niandike haya kabla sijasahau.

Katika miaka ya themanini na tisini nilikuwa msomaji wa mita za maji hapa Kisumu, mwanamke pekee katika kikosi cha wanaume tisa. Ofisi ilinipa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe, kitambaa, chuma cha kuinulia vifuniko na fimbo ya mbwa. Kioo kidogo nilijinunulia mwenyewe, kwa sababu kuna mafundi waliofunga mita zikitazama ukuta na huwezi kuzisoma bila kuzionyesha kioo. Nikibisha hodi Milimani, walidhani natafuta kazi ya kufua. Nikibisha Manyatta, walidhani nauza kitu. Mwishowe nikawa nasema "Mita" hata kabla ya salamu ili kufupisha maneno, na hapo jina langu la ubatizo likapotea. Sisi Wajaluo mwanamke aliyeolewa humwita binti wa kule alikotoka: Nyar Alego, Nyar Asembo, Nyar Bondo. Mimi mji mzima uliniita Nyar Mita, na mume wangu akawa anaulizwa kama mahari aliipeleka ofisi ya maji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ogutu. Alikuwa amesoma mita muda mrefu hata akawa anatembea ameinama kanisani. Siku ya kwanza alinipa masomo matatu. Futa kioo kwanza, hata kama unakiona ni safi. Soma tarakimu nyeusi, nyekundu ziache, maana nyeusi ndizo uniti na nyekundu ni vijisehemu tu. Na ukiona ubao wa Mbwa Mkali usimwogope mbwa, mwogope aliyeutundika, kwa sababu mtu anayeficha mita nyuma ya mbwa ana sababu zake.

Somo la pili nilianguka mwezi ule ule wa kwanza. Nilisoma nyeusi na nyekundu zote kwa pamoja, na mwalimu mmoja kapera akapelekewa bili ya kutosha hospitali nzima. Hakuja kugombana. Alikuja na vyombo vyake vyote vya nyumbani: ndoo moja, karai moja, sufuria mbili na birika. Akavipanga juu ya kaunta mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, kisha akaniomba kwa adabu nimwonyeshe ni kipi kati ya hivyo alichotumia kumaliza ziwa. Bili ilirekebishwa siku hiyo hiyo, lakini Mzee Ogutu alinitania kwa lile birika mpaka alipostaafu.

Kosa lile lilinifanya niwe mwangalifu sana, na kidogo kidogo uangalifu ukawa kiburi. Nikawa najua kila kitu. Na kweli, ukisoma mita za mji mmoja kwa muda unayajua mambo ya watu bila kuambiwa. Unajua nyumba iliyopokea wageni wa matanga. Unajua nani ameanza kuosha magari ya watu uani kwake kimya kimya. Unajua hata bwana aliyerudiwa na mkewe, kwa sababu ghafla nyumba inapigwa deki.

Wengi waliokuja kulia kwangu kuhusu bili niliwaambia wafanye jambo moja, na nyinyi lifanyeni leo mkifika nyumbani. Funga mifereji yote, usiache hata mmoja. Nenda kwenye mita, futa kioo, tazama kile kigurudumu kidogo kilicho katikati. Kikiwa kimetulia, wewe mwenyewe ndiye unayemaliza maji, acha kutafuta mchawi. Kikizunguka, hata polepole, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni chooni. Chukua bluu ya kufulia nguo nyeupe, tia kidogo ndani ya tangi la choo, usivute maji, nenda kanywe chai. Ukirudi ukute maji ya chini yamekuwa bluu, hapo ndipo mshahara wako unapopitia. Mpira wa kubadilisha ni wa bei ya soda, lakini nimeona watu wakinunua soda miaka mitano na choo kinavuja.

Wale wanaotumbukiza tofali ndani ya tangi ili choo kitumie maji machache, mimi sipingi. Ila liwe tofali lililochomwa. Karani mmoja wa ofisini kwetu alisikia habari hiyo nusu, akaenda akaweka la udongo mbichi. Baada ya wiki mbili tope lilikuwa limejaa kwenye mabomba yake, na fundi alimtoza pesa zaidi ya bili ya mwaka mzima. Tulimcheka wiki nzima, na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Sikujua kwamba zamu yangu ilikuwa njiani.

Nyar Bondo alikuwa na hoteli pale Kondele, ya mabati, yenye benchi nne. Asubuhi chai na mandazi, mchana samaki aina ya ngege, wa kukaanga au wa mchuzi, na kuon, ndiyo ugali kwa Kijaluo. Kwa kubana matumizi sijaona mfano wake. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Maji ya kusuuzia vikombe yalipiga deki, na yaliyopiga deki yalinyunyizwa kwenye vumbi la mbele ya mlango. Maji ya kuoshea samaki yalikwenda kwa sukuma wiki nyuma ya hoteli, na sukuma wiki ile ilinenepa mpaka wateja wakaisifu bila kujua sababu. Makaa yaliyobaki baada ya chakula cha mchana hayakuzimwa, yalipikiwa maharagwe ya kesho. Kukopa hakukupenda kabisa. Alisema anayekopa anakula chakula cha mwezi ujao, na yeye mwezi ujao angependa kula pia.

Mali yake kubwa ilikuwa sufuria tatu za kupikia watu wengi. Alizinunua moja moja kwa miaka, kila moja kwa kujinyima, na alizisugua kwa jivu mpaka unaweza kujitazama ndani na kujifunga kitambaa kichwani. Bila zile sufuria hakukuwa na hoteli, kulikuwa na benchi nne tu.

Shida yake ilikuwa maji. Siku hizo maji ya Kondele yalikuja yanapotaka. Yanaweza kukosekana siku mbili, halafu yakaja saa tisa mchana kwa muda wa saa moja, bila hodi, yakaondoka. Mfereji wake ulikuwa nyuma ya hoteli naye yuko mbele kwenye moto, kwa hiyo mara nyingi alipofika nyuma alikuta maji yamekwisha kuondoka. Hapo ilimbidi anunue ya mkokoteni, na bei ya mkokoteni ilimuuma kuliko jino.

Siku moja nilikuwa pale nakunywa chai baada ya kusoma mita, akaniambia juu ya shida hiyo. Nikamjibu pale pale, bila hata kuweka kikombe chini. Nilimwambia aache mfereji wazi siku nzima na aweke debe tupu chini yake. Maji yakija yatapiga debe, atasikia hata akiwa anagombana na mteja, atakimbia kujaza mapipa. Nilikuwa nimewaona watu kadhaa mitaani wakifanya hivyo na nikaona ni werevu mtupu. Naye alipenda, kwa sababu ulikuwa ushauri wa bure na debe alikuwa nalo.

Mwezi uliofuata mapipa yake yalijaa na mkokoteni ukapoteza mteja. Mimi nikaja na kitabu changu, nikafuta kioo, nikasoma tarakimu nyeusi. Nikafuta tena, nikasoma tena. Mita ilikuwa imekimbia mara tatu ya kawaida yake. Nikaandika kilichoonekana, maana ndiyo kazi, nikaenda zangu. Bili ilipomfikia, alinisubiri mlangoni siku niliyopita.

"Nyar Mita, hii maji yote nimekunywa na nani?"

Nikamwambia mita haidanganyi.

"Kwa hivyo ni mimi nadanganya?"

Alinishika mkono akanipeleka ndani, akanionyesha ukuta. Kwa chaki alikuwa amechora mstari kwa kila debe lililoingia ndani mwezi mzima. Nilihesabu. Madebe yale hayakufika hata theluthi ya kile nilichoandika kitabuni. Mtu mwenye akili angesimama pale akafikiri. Mimi nilikumbuka birika la yule mwalimu, nikajiambia siwezi kukosea mara mbili, nikamwambia Nyar Bondo kwamba chaki nayo husahau. Alinitazama, akarudi kwenye moto wake. Tangu siku hiyo chai yangu aliileta bila neno, na ilikuja vuguvugu.

Mwezi wa pili ukawa vile vile. Alilipa nusu, nusu ikamshinda. Alipiga majirani jicho, akadhani wanamchotea akiwa jikoni, akaanza kuamka kabla ya kila mtu na kulinda mfereji wake. Mfereji ukabaki wazi, bila shaka, kama nilivyomshauri. Halafu ofisi ikatoa notisi: asipomaliza deni, Ijumaa maji yanakatwa. Na aliyetumwa kumpelekea notisi ni mimi.

Nilifika Jumanne mchana. Yeye alikuwa amekwenda kununua samaki, basi nikazunguka nyuma, nikakalia jiwe karibu na mita kumngojea. Maji yalikuwa yamekosekana tangu Jumapili. Nikiwa nimekaa hivyo nikasikia mfereji unapumua. Sauti ndogo, ya mtu anayepuliza chai ya moto. Nikainua kifuniko cha mita. Kile kigurudumu kilikuwa kinazunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na chini ya mfereji debe lilikuwa kavu kabisa. Nikaweka kiganja mdomoni mwa mfereji, nikapigwa na upepo. Ulipuliza robo saa nzima, kigurudumu kikikimbia bila kupumzika. Kisha mfereji ukakohoa, ukatema maji ya kahawia, na debe likaanza kulia.

Nilijikuta nimesimama. Niliacha notisi chini ya kikombe juu ya meza, nikaondoka bila kumngoja.

Kabla ofisi haijafungwa nilimshika Mzee Ogutu nikamwuliza. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia bomba likikaa bila maji linajaa hewa, na maji yakirudi yanaisukuma hewa hiyo mbele, nayo inatafuta pa kutokea. Mita haina pua. Kikipita kitu, inazunguka, na ofisi inaandika maji.

"Sasa ile mfereji iko wazi peke yake," akasema, "ndiyo inapumulia mtaa mzima. Majirani wamefunga yao, wanalala. Yeye ndiye analipa."

Nilimwuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo.

"Uliniuliza lini? Tangu ile birika wewe unajua kila kitu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sijivunii. Ningeweza kurudi Kondele jioni ile ile. Lakini nilikuwa bado kibarua. Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa mezani kwa Injinia, mkubwa wetu, ikingoja sahihi, na Injinia alikuwa ametuonya mara nyingi kwamba kazi yetu ni kusoma mita, si kuwahubiria wateja. Nikimwambia bili ya Nyar Bondo ni upepo, atauliza nani alimfundisha kuacha mfereji wazi. Nikajiambia nitasema kesho. Jumatano ikapita. Nikajiambia nitatafuta namna ya kulisema bila kujitaja. Alhamisi nayo ikapita, nikisoma mita za Milimani siku nzima.

Ijumaa asubuhi nilipita Kondele. Hoteli ya Nyar Bondo haikuwa na moshi. Niliingia nikamkuta peke yake, anafuta benchi ambazo hakuna aliyezikalia. Jikoni kulikuwa na jiko moja na birika dogo juu yake. Nikamwuliza sufuria ziko wapi.

"Sokoni Otonglo," akasema. "Nimeweka rehani jana kwa mzee mmoja wa duka. Amenipa pesa, riba ni kila wiki."

Kisha akafungua fundo la leso, akatoa pesa zimekunjwa vizuri, akaziweka mkononi mwangu.

"Pesa ya maji hii. Wewe unaenda ofisi, nilipie, wasikate. Wateja watarudi nikipata sufuria."

Mtu tuliyekuwa hatusemezani miezi miwili alinipa mimi zile pesa bila kuzihesabu mara ya pili. Zilikuwa bado na joto la mwili wake. Nilijua kwamba nikizipeleka ofisini nitakuwa mwizi, na kwamba kwa siku tatu nilikuwa nimeshakuwa mmoja. Nikamrudishia mkononi. Nikamwambia afunge mfereji sasa hivi, asimlipe mtu yeyote, na anipe saa chache. Hakuelewa, lakini aliufunga.

Injinia hakuniamini. Alisema mita zetu zimetoka ng'ambo na haziwezi kuhesabu hewa. Nikamwambia aje aone, na kama nasema uongo aichane ile barua yangu. Labda ni hilo lililomfanya achukue kofia yake. Nilimwomba karani wa tofali mfuko mkubwa wa nailoni, nikapata na ukanda wa mpira wa baiskeli, tukaondoka kwa gari la ofisi.

Injinia alijua siku hiyo maji ya Kondele yangefunguliwa saa tisa, nasi tulifika kabla. Nikafungua mfereji, nikaufunga mfuko mdomoni mwake kwa ule mpira, nikaukaza. Tukangoja. Habari ilishasambaa kwamba mkubwa wa maji amekuja yeye mwenyewe mpaka nyuma ya hoteli, na watu wakajaa. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, na Injinia akaanza kutazama saa. Halafu mfereji ukapumua. Mfuko ukajinyoosha polepole, ukanenepa, ukawa mkubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Injinia akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akatazama mita, akautazama mfuko, akatazama mita tena. Kigurudumu kilikuwa kinakimbia.

Nyar Bondo ndiye aliyefungua ule mpira. Aliufunga mfuko fundo, akauinua kwa mikono miwili kwa heshima, akampa Injinia.

"Mkubwa, hii ndiyo ile mmeniandikia bili. Mimi sijatumia hata kidogo. Rudisha ofisi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Injinia alisimama pale na mfuko wake wa upepo, akijaribu kununa, na ikamshinda. Alicheka pia. Kisha akajifuta macho, akauliza swali nililokuwa nimeliogopa tangu Jumanne.

"Nani alimwambia mama aache mfereji wazi?"

Nyar Bondo hakunitaja. Alinitazama tu, vile mtu anavyomtazama mwenye duka akingoja chenji yake.

"Ni mimi, mkubwa," nikasema.

"Na hii mambo ya upepo umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Hakuna aliyejua isipokuwa Mzee Ogutu, naye hakuwa mtu wa kusema.

"Jumanne."

Lakini si Injinia niliyekuwa namtazama. Nilimwona Nyar Bondo akihesabu siku kichwani: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Sufuria alizipeleka Alhamisi. Alikunja uso, akageuka, akaingia ndani.

Bili ilirekebishwa kabla ya jioni. Barua yangu ilirudi kabatini kwa miezi sita, na nikapewa adhabu ya kuzunguka ploti zote za Kondele, kwa miguu na kwa muda wangu, nikiwaambia watu wafunge mifereji. Adhabu hiyo nayo ilizaa kichekesho chake. Watu walinielewa kupita kiasi. Wote wakafunga, na maji yalipokuja kila mmoja alimvizia jirani afungue kwanza ili alipie upepo wa mtaa. Nilipita nikakuta wamama wameshika mifereji yao, wanachunguliana kwenye nyua, hakuna anayekubali kuanza. Mwishowe Injinia aliweka vali ya kutoa hewa juu kwenye bomba kubwa, na amani ikarudi.

Kesho yake, Jumamosi, tulikwenda Otonglo kukomboa sufuria. Pesa aliyokopa ilikuwa nzima ndani ya leso, haijaguswa, lakini mzee wa duka alitaka riba ya wiki nzima ingawa sufuria zilikuwa zimelala kwake siku mbili. Alisema wiki ni wiki. Nililipa riba hiyo mimi, na iliondoka na karibu mshahara wangu wa nusu mwezi. Basi nyinyi mnaokopa kwa kubonyeza kidole, jifunzeni hapa bila kulipa. Kabla ya kukopa ili kulipa deni, hakikisheni kwanza kwamba deni lenyewe lipo. Na ikibidi kuweka rehani, wekeni redio, wekeni sofa, wekeni saa ya mume. Kitu kinachowapikia kisitoke nyumbani.

Tuliposhuka Kondele nilibeba sufuria kubwa kuliko zote kichwani, nikiwa na yunifomu ya ofisi, na watu wakaniuliza kama siku hizi nasoma sufuria. Nyar Bondo alitembea mbele yangu na zile mbili, bila kugeuka. Mlangoni kwake tulizishusha, nikamwambia anisamehe. Alizikagua moja baada ya nyingine, akapitisha kidole ndani, akaziweka mahali pake.

"Ushauri nimekusamehe," akasema. "Hata mimi ningeweza kuambia mtu hivyo. Hizo siku tatu ndizo bado nafikiria."

Na alifikiria kweli. Mwezi baada ya mwezi nilikwenda kusoma mita yake, naye alinijibu salamu, akaniambia mita iko nyuma, basi. Nilifuta kioo, nikazisoma tarakimu kwa sauti ili azisikie akiwa kwenye moto, na nilimsikia akiziandika ukutani kwa chaki. Sikumlaumu. Nilimkosa tu, zaidi ya nilivyotarajia, na chai ya hoteli nyingine zote ilikuwa haina ladha mdomoni mwangu.

Mchana wa mkesha wa Krismasi, tukiwa tunafunga ofisi, alikuja mteja mmoja wa Nyar Bondo na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta. Ndani kulikuwa na ngege mzima wa kukaanga, bado wa moto, mkubwa kuliko wale anaouza. Nilimwuliza ni wa nini.

"Nyar Bondo amesema nikuambie amemaliza kufikiria."

Nilimla yule samaki hapo hapo juu ya kaunta, machozi yakinitoka, na sikumwachia Mzee Ogutu hata kichwa.